Kukopa Harusi, Kulipa Matanga: Mjadala wa Kikomo cha Mishahara na Uzee wa Kikosi cha Barcelona

Kikomo cha mishahara katika soka la Hispania ni kiasi cha juu kabisa cha fedha ambacho klabu inaruhusiwa kutumia kwa kikosi chake katika msimu mmoja. Udhibiti huu wa fedha ulianza mwaka 2013, wakati klabu nyingi za nchi hiyo zilipokuwa zimeelemewa na madeni ya kodi na wapo wachezaji waliokuwa wakikaa miezi bila mshahara. Ligi hukagua hesabu kabla fedha hazijatumika. Mchezaji ambaye gharama yake haiingii ndani ya kikomo hasajiliwi, hata kama mkataba umeshatiwa saini na picha za kumtambulisha zimeshapigwa.

Kati ya klabu kubwa, iliyobanwa zaidi ni Barcelona. Msimu wa 2019/20 kikomo chake kilikuwa euro milioni 671. Msimu uliofuata kilishuka hadi milioni 382.7, msimu wa 2021/22 kikaanza na milioni 97.9, na Machi 2022 kikaenda chini ya sifuri: hasi milioni 144.4. Anguko hilo lilikikuta kikosi ambacho nguzo zake zilikuwa zimezeeka pamoja na mikataba yao.

Hoja inayojadiliwa hapa ni hii: kikomo cha mishahara kiliitendea haki Barcelona. Sauti tatu zinapokezana. Mhasibu anaunga mkono hoja. Mwanachama, mmoja wa maelfu ya wanachama ambao ndio wenye klabu hiyo, anaipinga. Mwalimu, kama kocha anavyoitwa viwanjani, anasema kwa niaba ya wachezaji wakongwe.

Kikomo hupatikanaje

Mhasibu: Hesabu yenyewe si ya kichawi. Chukua mapato ambayo klabu inatarajia kuyapata msimu huo: viingilio, televisheni, wadhamini, jezi. Toa gharama zisizo za kikosi, toa na sehemu ya madeni inayopaswa kulipwa mwaka huo. Kinachobaki ndicho kikomo. Ndani yake huingia mishahara ya wachezaji, kocha mkuu na wasaidizi wake, posho za ushindi, malipo ya mawakala, timu za vijana, na kipande cha ada ya uhamisho ya kila mchezaji aliyenunuliwa.

Kipande hicho cha ada ndicho kinachowapotosha wengi. Tuchukue mfano wa mchezaji aliyenunuliwa kwa milioni 60 na kupewa mkataba wa miaka minne. Daftari linamhesabia milioni 15 za ada kila mwaka. Mshahara wake ukiwa milioni 10, anakula milioni 25 za kikomo. Baada ya miaka miwili klabu inabanwa, inamwita mezani, inamwongezea miaka miwili. Ada iliyobaki, milioni 30, sasa inagawanywa kwa miaka minne badala ya miwili, yaani milioni 7.5 kwa mwaka. Daftari linapumua papo hapo. Lakini klabu imejifunga kumlipa mshahara kwa miaka miwili zaidi, na hiyo ndiyo miaka ambayo magoti huanza kukataa.

Mwanachama: Hapo ndipo uonevu unapoanzia. Katika ligi ya NFL ya Marekani timu zote zina kikomo kimoja; mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 279.2 kwa kila timu. Hispania kila klabu ina kikomo chake. Msimu Barcelona ilipoanza na milioni 97.9, Real Madrid ilipewa milioni 739. Vipi timu mbili zicheze ligi moja kwa sheria moja, kisha moja iruhusiwe kutumia mara saba ya nyingine?

Mhasibu: Kwa sababu sheria hii haikutungwa ili kusawazisha timu. Ilitungwa ili mishahara iliyoahidiwa ilipwe. Mfano wa Marekani pia una upande wa pili. Kule mapato makubwa ya televisheni hugawanywa sawa kwa sawa, na sehemu kubwa ya mikataba haina dhamana, kwa hiyo timu inaweza kumwacha mkongwe kabla mkataba wake haujaisha. Hispania mkataba ni wa kulipwa hadi siku ya mwisho. Ahadi ni deni, na huko ni deni hata mbele ya mahakama.

Kikosi kilizeekaje

Mwalimu anaingia na ushahidi wa uwanjani. Tarehe 14 Agosti 2020, katika uwanja mtupu wa Lisbon, Barcelona ilifungwa na Bayern Munich mabao 8 kwa 2 katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Wachezaji sita kati ya kumi na mmoja walioanza walikuwa na miaka 31 au zaidi: Jordi Alba 31, Sergio Busquets 32, na Gerard Piqué, Arturo Vidal, Luis Suárez na Lionel Messi, wote 33. Mabao mawili ya mwisho ya Bayern yalifungwa na Philippe Coutinho, mchezaji wa Barcelona aliyekuwa ameazimwa kwa Wajerumani hao. Ndiye huyo aliyenunuliwa Januari 2018 kwa milioni 120, na nyongeza zilizoweza kufika milioni 40.

Mwalimu: Usiku ule kila mtu aliwanyooshea kidole wazee. Lakini mzee hajiandikii mkataba. Neymar alipoondoka mwaka 2017 kwa milioni 222, fedha zile zilipaswa kuwanunulia warithi wa Busquets, Alba, Piqué na Suárez. Zikaenda kwa Ousmane Dembélé, milioni 105 kabla ya nyongeza, kisha kwa Coutinho. Mwaka 2019 akaja Antoine Griezmann kwa milioni 120. Wote watatu ni washambuliaji, na hakuna aliyepunguza hata mita moja ya mbio alizopaswa kukimbia Busquets katikati ya uwanja. Wakongwe walibaki kwa sababu hakuna aliyeandaliwa kuwapokea.

Mhasibu: Na walivyobaki ndivyo walivyozidi kuwa ghali. Msimu wa 2018/19 Barcelona ilikuwa klabu yenye mapato makubwa kuliko zote duniani katika orodha ya Deloitte, euro milioni 840.8. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mishahara iliandikwa kana kwamba mapato yale hayatashuka kamwe. Gazeti la El Mundo lilipouchapisha mkataba wa Messi wa 2017 hadi 2021, ulionekana ungeweza kufika milioni 555 kwa misimu minne. Kisha korona ikafunga uwanja, jumba la makumbusho na maduka.

Mwanachama: Korona haikuwa kosa la klabu!

Mhasibu: Ni kweli, na hilo halibishaniwi. Jambo la kupimwa ni lililofanyika baada ya pigo. Oktoba 2020, mapato yakiwa yamekauka, bodi ya rais wa klabu wa wakati ule, Josep Maria Bartomeu, iliwaongezea mikataba Piqué, Marc-André ter Stegen, Frenkie de Jong na Clément Lenglet. Malipo ya miaka ile migumu yalipunguzwa na mengine yakasogezwa mbele. Piqué, aliyekuwa na miaka 33, alipewa mkataba hadi 2024, yaani hadi atakapokuwa na miaka 37. Wiki moja baadaye Bartomeu alijiuzulu. Viongozi waliosaini wakaondoka, tarehe za kulipa zikabaki. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Agosti 2021

Mwanachama anaomba mjadala usimame kwenye siku moja, 8 Agosti 2021. Messi anasimama mbele ya wanahabari akiwa na suti, machozi yanamtoka kabla hajasema neno, mkewe anamkabidhi karatasi ya kujifutia. Mkataba wake ulikuwa umekwisha tarehe 30 Juni. Alikuwa ameshakubaliana na klabu juu ya mkataba mpya wa miaka mitano kwa nusu ya mshahara. Ligi haikuweza kumsajili. Siku mbili baadaye alikuwa Paris.

Mwanachama: Mtu aliyefika klabuni akiwa na miaka 13 anakubali nusu ya mshahara, klabu inamtaka, wanachama wanamtaka, na karatasi inakataa. Kama sheria inamwondoa mchezaji anayeuza jezi na kujaza uwanja, si inaikata mikono klabu ile ile inayoambiwa iongeze mapato?

Mhasibu: Majibu yalitolewa na rais wa klabu, Joan Laporta, mwenyewe wiki ile. Alieleza kwamba Messi akibaki, hata kwa nusu ya mshahara, mishahara ingefika asilimia 110 ya mapato. Asipokuwepo, bado ilikuwa asilimia 95. Siku chache baadaye alitangaza kwamba madeni ya klabu yamefika euro bilioni 1.35. Hasara ya msimu uliotangulia ilikuwa milioni 481. Nyumba inayotumia shilingi mia na kumi kwa kila mia inayoingia haiokolewi kwa kumbakiza mpangaji mmoja, hata akiwa mpendwa wa wote.

Mwanachama: Lakini ligi ilikuwa na mlango wazi. Ilitaka klabu zikubali mpango wa kampuni ya uwekezaji ya CVC, fedha za sasa kwa sehemu ya mapato ya miaka 50 ijayo. Barcelona, Real Madrid na Athletic Bilbao zilikataa kuwafunga wajukuu kwa deni la babu zao. Waliokataa kukopa wakaadhibiwa kwa kukosa fedha. Hilo Mhasibu analionaje?

Mhasibu anakiri kwamba pingamizi hili lina uzito. Sheria inayodai kulinda kesho haikupaswa kuiweka klabu kati ya kuuza kesho na kumpoteza mchezaji wake mkuu. Hata hivyo, anaongeza, kanuni ya wakati ule ilikuwa wazi kwa kila klabu iliyovuka kikomo: kwa kila euro nne zinazookolewa, ni moja tu inayoruhusiwa kutumika. Ilijulikana kabla ya dirisha la usajili kufunguliwa.

Mwalimu: Kuna siku nyingine isiyosimuliwa sana, nayo ni 15 Agosti. Klabu ilikuwa na wachezaji wapya, akiwemo Memphis Depay, ambao hawakuwa wamesajiliwa hadi saa za mwisho. Piqué alikubali kukatwa sehemu kubwa ya mshahara wake, na Depay, Eric García na Rey Manaj wakasajiliwa. Mechi ya kwanza ikaja, dhidi ya Real Sociedad. Dakika ya 19 Depay alipiga mpira wa adhabu, Piqué akaruka na kuutia kwa kichwa. Mzee aliyetoa mshahara wake alifunga kwa pasi ya kijana aliyesajiliwa kwa mshahara huo. Baadaye Busquets, Alba na Sergi Roberto nao walikatwa. Basi wakongwe wasihesabiwe kama mzigo tu. Utu uzima dawa.

Mhasibu: Dawa hiyo ilifika usiku wa manane, mgonjwa akiwa taabani. Na tusisahau kwamba sehemu ya mishahara ile haikufutwa. Iliahirishwa.

Nyenzo za mwaka 2022

Mwaka mmoja baadaye klabu ilijaribu njia nyingine. Uongozi wa Laporta uliuza asilimia 25 ya mapato yake ya televisheni ya ligi kwa kampuni ya Sixth Street kwa miaka 25. Asilimia 10 za kwanza ziliiletea klabu milioni 207.5. Kisha nusu kasoro kidogo ya kampuni yake ya Barça Studios iliuzwa kwa mafungu mawili, milioni 100 kila fungu, kwa Socios.com na kwa Orpheus Media. Klabu iliyaita mauzo hayo nyenzo, kwa maana ya mti wa kuinulia jiwe zito. Kikomo kiliruka kutoka hasi 144.4 hadi 656.4.

Mwanachama: Na matunda yakaonekana. Alikuja Robert Lewandowski, wakaja Raphinha na Jules Koundé. Lewandowski alifunga mabao 23 ya ligi, akawa mfungaji bora, na Mei 2023 Barcelona ikatwaa ubingwa wa kwanza tangu 2019. Klabu ya wanachama haina tajiri wa kuichangia. Ikishindwa kuuza kipande cha kesho yake, iuze nini?

Mhasibu: Jiwe liliinuka mara moja, kisha mti ukavunjika. Msimu uliofuata kikomo kilirudi milioni 270, kwa kuwa fedha za mauzo huhesabiwa mara moja tu, na televisheni imebaki robo tatu kwa miaka 25. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2022 akiingia La Masia, shule ya soka ya klabu, atacheza miaka yake bora robo ile ya mapato ikiwa bado mikononi mwa wengine. Isitoshe, klabu iliyotaka kukimbia uzee ilimnunua mshambuliaji wa miaka 33 kwa milioni 45 na nyongeza, na kumpa mkataba hadi 2026.

Mwalimu: Hapo naomba haki itendeke. Lewandowski akiwa na miaka 36, msimu wa 2024/25, alifunga mabao 27 ya ligi na timu ikachukua ubingwa. Septemba 2024 kipa ter Stegen alipoumia goti, klabu ilimwita Wojciech Szczęsny, miaka 34, aliyekuwa ameshatangaza kustaafu. Alidaka hadi ubingwa. Umri peke yake hausemi kitu. Mkongwe anayekuja kwa mkataba mfupi kuziba pengo ni jambo moja, na mkongwe wa miaka 36 aliyeahidiwa mshahara wa mchezaji wa miaka 29 ni jambo jingine.

Mchezaji aliye katikati

Kisa cha Dani Olmo kinaonyesha anayeumia pale klabu na ligi zinapovutana. Agosti 2024 alinunuliwa kutoka Leipzig kwa takriban milioni 55. Nafasi yake ndani ya kikomo ilipatikana kwa kuwa beki Andreas Christensen alikuwa majeruhi wa muda mrefu, na kanuni inaruhusu sehemu kubwa ya gharama ya majeruhi wa namna hiyo itumike kwa mwingine. Olmo alisajiliwa, akaingia dhidi ya Rayo Vallecano na kufunga bao la ushindi. Lakini usajili huo ulikuwa wa hadi 31 Desemba tu. Mwaka mpya 2025 ulipoingia, yeye na Pau Víctor walijikuta wana mikataba halali na hawana leseni ya kucheza. Klabu ilidai imeuza viti vya wageni maalumu vya uwanja mpya kwa milioni 100. Ligi na shirikisho zilisema muda umepita. Tarehe 8 Januari Baraza la Juu la Michezo la serikali liliwaruhusu kwa muda, na Aprili likathibitisha.

Mwanachama anaona hapo sheria imemkosesha mfanyakazi haki ya kufanya kazi. Mhasibu anajibu kwamba aliyemkosesha ni mwajiri aliyesaini mkataba bila kuwa na nafasi ya kuusajili. Mwalimu anasema wote wawili wana hoja, na kwamba mchezaji aliyelala Januari mosi bila kujua atacheza lini hakuwa na kura katika chochote kati ya hayo. Kwa jambo moja sauti zote tatu zinakubaliana: adhabu ya hesabu mbovu ingepaswa kumwangukia aliyeandika mkataba, siku anayouandika, kabla haijamfikia mchezaji.

Dawa ya nyumbani

Ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia zizini. Klabu iliyoshindwa kununua ililazimika kuwatazama watoto wake. Gavi, Alejandro Balde, Fermín López, Pau Cubarsí na Lamine Yamal walitoka La Masia bila ada ya uhamisho, na mishahara yao ya mwanzo ilikuwa midogo. Yamal aliingia uwanjani kwa mara ya kwanza Aprili 2023 akiwa hajatimiza miaka 16. Chini ya kocha Hansi Flick kikosi hicho kilitwaa ligi, Kombe la Mfalme na Kombe la Super la Hispania msimu wa 2024/25.

Mhasibu: Hayo ni matunda ya kikomo. Bila kubanwa, nafasi ya Balde ingenunuliwa, na Yamal angesubiri.

Mwanachama: Hapana. Ni matunda ya walimu waliowalea watoto hao muda mrefu kabla ya deni. Kikomo hakikumfundisha Yamal kupiga chenga. Kama shida ingetosha kuzaa vipaji, kila klabu maskini ingekuwa na Yamal wake.

Mwalimu anaunga mkono sehemu ya kila upande. Shida ilifungua mlango, na aliyekuwa nyuma ya mlango aliandaliwa kwa miaka kumi. Klabu iliyozeeka bila kuwekeza kwa vijana ingefunguliwa mlango huo huo na kukuta chumba kitupu.

Upande wa mapato nao umeendelea kutafutwa, hata mbali na Ulaya. Julai 2025 Barcelona iliingia mkataba wa misimu minne na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, unaoripotiwa kuzidi euro milioni 40, na jina la nchi hiyo likaandikwa mgongoni mwa jezi za mazoezi. Mhasibu anayaona ni mapato halali yanayoinua kikomo. Mwanachama, safari hii, anasita. Anauliza iwapo klabu inayojivunia kuwa mali ya watu wa kawaida inapaswa kuziba pengo la mishahara kwa hazina ya nchi ambayo watu wake wa mashariki, wasemaji wa Kiswahili wengi wao, wanakimbia vita.

Yanayobaki

Hoja ya awali haipiti bila marekebisho. Kikomo kilisema kweli kuhusu Barcelona, na kiliisema mapema kuliko benki zingeisema. Lakini kiliisema kwenye dirisha la usajili, mahali ambapo mchezaji ndiye anayesimama mbele. Tatizo lenyewe lilizaliwa nyuma ya hapo, katika kila mkataba ulioongezwa ili mwaka mmoja upumue. Kipimo cha haki kwa timu inayozeeka ni mwaka ambao mkataba unaishia: mchezaji atakuwa na umri gani, nani anaandaliwa kumpokea, na mapato gani ya uhakika yatamlipa.

Kipimo hicho sasa kinawahusu walioiokoa klabu. Mei 2025 Raphinha aliongezewa mkataba hadi 2028, atakapokuwa na miaka 31. Koundé aliongezewa hadi 2030, atakapokuwa na umri huo huo. Yamal, ambaye mshahara wake si mdogo tena, alisaini hadi 2031, nao utaisha akiwa hajatimiza miaka 24.